Kiwanja chako cha Visiga na barabara ya kulipia

Kibaha

Shoga yangu Mama Twaha,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu sana. Natumai na nyie huko Syokimau, Kenya, hamjambo, na watoto wanaendelea vizuri na shule.

Umeniuliza uanze kujenga kile kiwanja cha Visiga au usubiri kwanza hii barabara ya kulipia ijulikane inapita wapi. Jibu fupi: usimwage zege hata ndoo moja mpaka uuone mchoro. Jibu refu ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kukutumia sauti kwenye simu, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni, na wewe unaishi kando ya barabara ya aina hiyohiyo, ile Nairobi Expressway.

Ninayokwambia ni ile barabara ya haraka ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze hadi Morogoro. Jumla ni kilometa 205, na kipande cha Kibaha mpaka Chalinze ni kama kilometa 79. Inatakiwa ijengwe kwa ubia: mwekezaji analeta fedha, anajenga, anakusanya tozo kwa miaka mingi, halafu ndiyo anaikabidhi serikalini. Asiyetaka kulipa atabaki na barabara ya zamani. Ukiitazama kwenye ramani ni mwendelezo wa zile njia nane za Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2. Magari yanatoka Dar yakiwa yamejinafasi, yakishatupita sisi yanabanana kwenye njia mbili, na malori yanapanga foleni kuelekea mizani ya Vigwaza. Tangu bandari kavu ya Kwala izinduliwe Julai 2025, mengi yanaanzia safari hukuhuku kwetu.

Kwa hiyo barabara siipingi, na usije ukasikia kwa mtu kwamba naipinga. Nimewahi kumtoa mama Mlandizi usiku kumpeleka hospitali ya Tumbi, presha imepanda, lori limekatika ekseli katikati ya barabara na hakuna pa kupenya. Nilikaa kwenye ile teksi nimemshika mkono naona taa za magari tu, mbele na nyuma. Aliyepitia hayo hawezi kusema hatuhitaji njia nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba inapangwa kana kwamba huku bado ni pori la kupita. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu kama milioni 1.1. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2. Ni watu waliokimbia kodi za Dar, wakanunua kiwanja cha miguu ishirini kwa ishirini, wakaweka msingi, wakahamia nyumba ikiwa haina hata madirisha. Ukija leo Visiga utapotea. Ule mkorosho tuliouwekea alama siku ile tunanunua haupo tena, pana duka la saruji na bati, na nyuma yake nyumba zimekwenda mpaka kule bondeni.

Ngoja nikueleze asubuhi ya mtaani kwetu. Zahanati iko upande wa kusini wa barabara, shule ya msingi iko kaskazini, na soko dogo limekaa pande zote mbili. Kuanzia saa kumi na mbili watoto wanavuka kwa makundi, wakubwa wamewashika wadogo mkono, na yupo kijana mmoja wa bodaboda ambaye bila kutumwa na mtu husimama katikati akanyoosha mkono magari yasimame. Wajawazito wanavuka kwenda kliniki. Mama muuza chapati unga wake anauchukua upande huu, maji anayateka upande ule. Mtaa wetu unaishi kwa kuvuka.

Sasa barabara ya haraka haivukwi hivyo. Inazungushiwa uzio, ina pa kuingilia na pa kutokea, na kati ya lango moja na lingine ni kilometa nyingi. Mwekezaji fedha yake iko kwa anayetoka Dar kwenda Morogoro na mbele zaidi, haiko kwa mama anayevuka na ndoo. Kila lango na kila daraja la kuvukia ni gharama, kwa hiyo atajenga machache kadiri mkataba utakavyomruhusu, na atayahesabu kwa watu aliowakuta siku ya upembuzi. Sisi tunaongezeka kila wiki. Miaka kumi ikipita, viwanja vyote vikishajaa, tukaanza kulia tunataka daraja la waenda kwa miguu, tutajibiwa kwamba halimo kwenye mkataba. Kuliongeza ni mazungumzo mapya, fedha mpya, na pengine fidia kwa mwenye barabara. Ndiyo maana nasema mambo haya yasipochorwa sasa hayachoriki tena kwa urahisi.

Wewe Barabara ya Thika ya huko Nairobi unaijua kuliko mimi. Ilikamilika mwaka 2012, njia nane, kila mtu akaisifu, huku watu wanaruka vizuizi na kugongwa kwa sababu madaraja ya miguu hayakutosha, mengine yakaja baadaye sana. Wale waliokufa hapo katikati hawakuwa wakaidi. Nyumba iko huku, kazi iko kule.

Tulipokutanishwa kwenye kikao cha mtaa na mtaalamu mmoja aliyekuja na ramani, karibu maswali yote yalikuwa ya fidia na ya bei ya tozo. Ni haki yao kuuliza. Mimi nikasimama nikauliza: kwenye mchoro huu, mtoto wa darasa la pili anavukia wapi? Akasema suala hilo litazingatiwa. Nikamwomba anioneshe kwa kidole. Hakuwa na pa kuonesha. Sikumlaumu, maana naye alitumwa, lakini tangu siku hiyo nimeshikilia hapohapo, na wanawake wenzangu wa mtaa wamenishika mkono. Tunaandika barua ya maoni tukiorodhesha vivuko vyote ambavyo watu wanavitumia sasa, na vile vitakavyohitajika viwanja vilivyopimwa vikishajengwa.

La pili tunalolidai ni barabara ya zamani. Wanasema itabaki ya bure, vizuri. Lakini itatunzwa? Itapanuliwa ikizidiwa? Kule California kuna barabara ya jimbo namba 91, inayopita kwenye vitongoji vilivyokua kwa kasi kama huku kwetu. Mwaka 1995 kampuni binafsi ilifungua njia za kulipia katikati yake, na mkataba ukaikataza serikali kuongeza njia za bure pembeni, zisije zikamnyang'anya mwekezaji wateja. Watu wakazidi, foleni ikazidi, na serikali mikono imefungwa. Mwishowe wilaya ya Orange ikalazimika kuzinunua zile njia mwaka 2003, kwa dola milioni 207.5, ndipo upanuzi ukawezekana. Hao ni Wamarekani, wenye wanasheria wa kila aina. Basi na sisi tusione haya kuuliza kama kipengele cha namna hiyo kimo kwenye mkataba wetu kabla haujasainiwa.

Kuhusu tozo nina machache, maana hayo unayaona mwenyewe kila ukipita. Kwenu, kwenye hiyo Expressway, gari dogo kwa safari nzima lilianza na shilingi 360 za Kenya mwaka 2022, na Januari 2024 likapandishwa hadi 500, kwa kuwa deni ni la dola na shilingi ilikuwa imeshuka. Kwetu daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, wananchi wakalalamika miaka yote, na 2022 tozo zikapunguzwa. Liliwezekana kwa sababu waliojenga ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na serikali, fedha zote za humu ndani. Kwa mwekezaji wa nje mwenye mkopo wa dola, kupunguza si jambo la tamko la waziri.

Sasa turudi kwenye kiwanja chako.

Usimsikilize dalali yeyote. Wameshaanza kuuza vya "karibu na njia kubwa" kwa bei ya kuruka, wakati hakuna hata mmoja wao aliyeuona mchoro. Nitakwenda mwenyewe ofisi ya ardhi na namba za vile vigingi vyako, watazame kama eneo lako limeguswa. Sheria ya barabara ya 2007 inatoa mita 30 za hifadhi ya barabara kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyewekewa X ya kijani kwenye nyumba yake anasubiri fidia, mwenye X nyekundu anahesabiwa amevamia, anabomoa bila kulipwa. Ila kwenye Barabara ya Morogoro usiishike hiyo mita 30 peke yake. Unakumbuka bomoabomoa ya 2017, Kimara, Mbezi mpaka Kiluvya? Watu waliambiwa hifadhi hapo ni mita 121.5 kila upande, kwa sheria za zamani, na nyumba za watu waliozeeka humo zikaenda chini. Chako kiko ndani zaidi, lakini nataka nilione hilo kwenye karatasi.

Kikiwa kimeguswa, lazima kifanyiwe uthamini, na unatakiwa kulipwa ardhi kwa bei ya soko, mimea iliyomo na posho ya usumbufu. Kwa kuwa hakina nyumba, posho ya makazi na ya usafiri hutapata. Na usidanganywe ukaharakisha kuinua kuta ili fidia ipande: kinachojengwa baada ya uthamini hakihesabiwi, utakuwa umezika fedha. Jingine la kukumbuka ni kwamba uthamini una uhai wa miaka miwili. Ukipita huo muda hujalipwa, dai urudiwe, kwa sababu bei za huku hazingoji mtu.

Kikiwa hakijaguswa, nakushauri ujenge, ila kwanza tujue lango la kuingilia litakuwa wapi na upande wako utabaki na njia ya kufika zahanati na shuleni. Kiwanja kinaweza kupona na kubaki kama kisiwa.

Nina maombi mawili. Nitumie picha ya hati ya mauziano, ile yenye muhuri wa serikali ya mtaa, kurasa zote na sahihi za mashahidi zionekane. Na siku ukiwa na nafasi nenda pale Mlolongo asubuhi watu wanapokwenda kazini, utazame wanavukaje: kuna madaraja mangapi, kutoka moja hadi lingine ni mwendo wa dakika ngapi, wenye mikokoteni na walemavu wanapitia wapi. Piga picha uniandikie kwa kirefu. Barua yetu tunataka tuipeleke kabla ya kikao kijacho, na nataka niambatanishe ulichokiona wewe, kwa jina lako kama utaniruhusu, kwa sababu mwenye kiwanja Visiga ni mkazi mtarajiwa na ana haki ya kusema.

Msalimie sana Baba Twaha, na umwambie suala la kisima tutalizungumza baada ya hili.

Ni mimi shogayo,
Mama Rehema