Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo: ishu ya mipira ya vichwa na demensia, tv ituambie yote

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwasababu habari na michezo vyote viko wizarani kwako na hili jambo linagusa kote kuwili. Ni hizi dokumentari za Uingereza kuhusu wachezaji wa zamani wa soka waliopata demensia, yaani ubongo kuchakaa mpaka mtu anapoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Watu wanaziangalia, vipande vinazunguka kwenye magrupu, halafu kijiweni mmoja anakwambia ukipiga vichwa lazima uzeeni uchanganyikiwe, mwingine anasema aah ile ilikuwa mipira ya ngozi ya kizamani, siku hizi haina shida. Wote wamekosea na siwalaumu, ndivyo walivyoonyeshwa.

Chukua ile ya Alan Shearer, straika wa zamani wa England, iliyorushwa na BBC mwaka 2017. Naiheshimu sana, maana huyu alifunga mabao 260 Ligi Kuu England na 46 kati ya hayo ni ya kichwa, kwahiyo alikuwa anauliza habari zake mwenyewe, akaenda mpaka kupimwa ubongo na majibu yakatoka mazuri. Sasa pale mtazamaji anashusha pumzi anaona kumbe freshi tu, wakati kipimo cha mtu mmoja hakisemi kitu kuhusu maelfu ya wengine. Halafu upande wa pili kuna habari ya Jeff Astle wa klabu ya West Brom ya England, straika wa vichwa, alifariki 2002 ana miaka 59 tu, na uchunguzi rasmi wa kifo chake ukasema ni ugonjwa uliotokana na kazi yake. Ukimsikia binti yake anavyoongea unalia. Ila kulia na kushusha pumzi havitoshi kumsaidia mzazi anayetaka kujua mwanae afanyeje.

Kinachotakiwa ni namba, na namba zipo. Mwaka 2019 Dk. Willie Stewart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwafuatilia wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland, wakawalinganisha na watu wa kawaida kama 23,000, wakakuta wachezaji wanakufa kwa magonjwa ya ubongo kuchakaa mara 3.5 zaidi. Hiyo 3.5 tv zinaipenda sana. Kinachorukwa ni kwamba waliouawa na magonjwa hayo walikuwa kama 1.7 kwa kila wachezaji 100, na kwa watu wa kawaida 0.5, na tena wachezaji hao hao walikufa kwa uchache kuliko watu wa kawaida kwa magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu. Yaani mpira una faida kubwa mwilini na una hatari, vyote viwili ni kweli, kwanini tuambiwe nusu?

Na 2021 wakaja na kitu ambacho mimi naona kingewekwa mwanzo kabisa wa kila kipindi: makipa hatari yao haikuonekana kutofautiana wazi na ya watu wa kawaida, mabeki ikafika kama mara 5. Hebu fikiria, kipa na beki wanapanda basi moja, wanakula chakula kimoja, wanacheza uwanja mmoja, ila mmoja anadaka na mwenzie ndo anaondoa kona kwa kichwa. Haimalizi ubishi wote lakini ni ushahidi mzito mno.

Hii hoja ya mpira wa ngozi nayo tuiache. Ule ulikuwa unanyonya maji unakuwa mzito kweli, lakini wa sasa unakuja kwa kasi zaidi, ndo maana England mwaka 2021 waliwawekea wachezaji wa kulipwa wa leo mwongozo wa kupiga vichwa vya nguvu visizidi 10 kwa wiki mazoezini, na Scotland 2022 wakasema hakuna mazoezi ya vichwa siku moja kabla na siku moja baada ya mechi. Mazoezi ya vichwa kwa watoto wadogo walishayakataza tangu 2020.

Ombi langu Mheshimiwa, mimi nafundisha watoto mchangani na naona makocha wanavyowapanga foleni watoto wa miaka tisa, mpira unarushwa, kichwa, unarudi, kichwa tena, na hakuna aliyewahi kuwaambia kitu. AFCON 2027 inakuja kwetu pamoja na Kenya na Uganda, macho yote yatakuwa kwenye tv. Televisheni ya taifa itengeneze kipindi chake cha Kiswahili, iwakalishe beki wa zamani, kipa wa zamani na daktari wa ubongo meza moja, iseme 3.5 na iseme 1.7 pia, iseme nini hakijathibitishwa. Na kabla hata ya hicho kipindi, wizara na TFF, shirikisho letu la soka Tanzania, mtoe mwongozo wa ukurasa mmoja uende kwa walimu wote wa UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi: chini ya miaka 12 hakuna mazoezi ya vichwa.