Mbao si ya kila kikaragosi

Mhariri,

Wengi huchonga kichwa cha kikaragosi cha mkononi kwa mbao. Hatuwashauri. Kichwa kikiwa kizito, mkono huchoka mapema na mdomo huacha kufuata maneno. Tumieni sponji ya unene wa sentimita 1 hadi 1.5, mkaikate kwa wembe mpya. Mkasi huibana na kingo hutoka mshazari. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, isubiriwe hadi isinate kidoleni, ndipo pande zikutanishwe. Madirisha yawe wazi, maana mvuke wake ni mbaya. Gundi hiyo isiguse lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni: huliyeyusha papo hapo. Hapo tumieni gundi nyeupe ya mbao.

Kwa kichwa cha karatasi, gazeti lichanwe kwa mkono, kwani kingo zenye nyuzinyuzi hushikana vizuri. Matabaka 4 au 5 yanatosha, kila moja likauke kwanza. Ukiharakisha, unyevu hubaki ndani na ukungu huota.

Kikaragosi cha nyuzi, kinachoning'inizwa na kuchezeshwa kwa nyuzi kutoka juu, ni kinyume. Bila uzito miguuni huelea badala ya kutembea, na hapo ndipo mbao inapofaa.

Ni sisi,
Watengenezaji wa vikaragosi