Akiba ya Stima Haijilipi Yenyewe Kwenye Bajeti

Sisi ni kampuni inayofunga, kwa gharama yetu, vifaa vya kupunguza bili za stima za taasisi za umma hapa Kenya, kisha tunalipwa kutoka kwa akiba inayopatikana. Kila Juni, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa, tunasikia lile lile: "Mlisema mtalipwa kutoka kwa akiba ya stima. Mbona sasa mnatuletea ankara?" Hospitali moja ya umma imefika hadi ya kutuita matapeli. Basi tueleze.

Tuseme bili ilikuwa Sh800,000 kwa mwezi. Tumebadilisha taa, tumefunga kapasita, vifaa vya kuinua pawafekta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli), ili kuondoa adhabu inayotozwa ikiwa chini ya 0.9, na bili imeshuka hadi Sh600,000. Zile Sh200,000 zipo tu iwapo fungu la stima limeachwa lilivyokuwa. Kwa hospitali hiyo halikuachwa. Waliopanga bajeti waliona bili imepungua, wakalikata, pesa zikaenda kwenye mafuta ya magari. Mita inaonyesha kazi ilifanyika, lakini ankara zetu ziko kwenye lile rundo la madeni ya kaunti.

Ndiyo sababu siku hizi hatugusi hata swichi kabla ya kuona malipo yetu yametengewa fungu lake, mbali na la stima. Tusionekane wakorofi: kifungu cha 53 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinamkataza afisa mhasibu kuanzisha zabuni kabla ya kuhakikisha pesa zimo kwenye makadirio yaliyoidhinishwa. Mkataba ni wa miaka saba, bajeti hupitishwa mwaka mmoja mmoja. Wakisahau kulirudisha fungu letu mwaka wa tatu, hatuna pa kudai.

Halafu kuna swali la wahasibu, na ni swali zuri: huu si mkopo uliofichwa? Kwa Kifungu cha 212 cha Katiba, kaunti haikopi bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Jibu letu: tazama nani anabeba hasara akiba isipopatikana. Hata Eurostat, shirika la takwimu la Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa 2017, huangalia hilo kabla ya kuamua kama vifaa vihesabiwe kwenye vitabu vya serikali. Kwetu, akiba ikipungua, malipo yetu yanapungua. Hatari hiyo ina bei, na riba ya benki ni juu yetu, kwa hivyo tafadhali msitulinganishe na duka la taa.

Maana kwenda duka la taa ndiyo njia ya mkato wanayoipenda wateja: kununua taa Juni, maboksi machache machache, kila ununuzi chini ya kiwango cha zabuni. Sheria hiyo hiyo inakataza kupasua ununuzi namna hiyo. Na hata ukiponyoka mkaguzi, mita haikuachi. Taasisi moja ilijaza korido taa za bei rahisi. Tulipozipima, pawafekta ilikuwa karibu 0.5 tu. Yuniti zilishuka, malipo ya kVA (kipimo cha nguvu yote ambayo jengo linavuta kwa wakati mmoja, hata isiyofanya kazi) yakagoma kushuka. Walipotuita, matumizi ya awali hayakuwa yamepimwa, hivyo hatukuweza kuwapa dhamana yoyote. Walilipia taa mara mbili.

Waraka wa bajeti ya kaunti hutoka kufikia Agosti 30, na makadirio hufika bungeni kufikia Aprili 30. Tuleteeni bili za miezi kumi na miwili kabla ya hapo, pamoja na ule ukurasa wa kVA ambao wengi huutupa.