Karanga atakula saa ngapi?

Kiborloni, Moshi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa mdogo wako, ingawa simu ninayo na chaji ilikuwepo. Ameniambia unakuja Jumamosi kumchukua Karanga, mkakae wote huko Njiro, Arusha. Sawa. Mbwa ni wako, mimi nilikuwa nakutunzia tu.

Ila tangu jana nimekaa kibarazani napiga hesabu. Umesema gari la kazini linakupitia saa 12 asubuhi na kurudi ni saa 1 usiku. Hayo ni masaa 13. Hapo katikati Karanga atalishwa na nani?

Usinijibu kwamba utamwachia bakuli. La bakuli nilishalijaribu. Yule hali peke yake. Anachukua tembe moja ya chakula, anaibeba mpaka kwenye mkeka, anaitema, halafu anakuja kukutazama. Ukikaa chini karibu yake, anaanza kutafuna. Ukinyanyuka, naye anaacha. Ndiyo maana chai yangu ya saa 4 na ya saa 10 siku hizi nainywea chini sakafuni, na majirani wanadhani mzee kiuno kimegoma.

Ulipomleta nilisema maneno mengi, najua. Mbwa gani wa kutia mfukoni, mwizi akija si atambeba pamoja na redio? Mama yako bado ananikumbusha. Na jina ulilompa, nikisimama barabarani kumwita, wapita njia wanadhani naulizia gereza la Karanga. Lakini hakuna aliyewahi kufika getini kwangu nisijue. Hata paka akipita kwenye migomba, yule ataitangaza habari. Juzi nilimpima kwenye mizani ya buchani: kilo 2 na gramu 300. Muuza nyama akasema, mzee, hii ni supu ya mtu mmoja. Sikucheka.

Daktari wa mifugo alinieleza kwamba mwili mdogo namna ile hauna akiba. Mbwa mkubwa akikosa mlo mmoja anavumilia mpaka kesho. Hawa mbwa wadogo aina ya Chihuahua, hasa wakiwa bado watoto, sukari ya damu inashuka, anaanza kutetemeka na kuyumba kama mlevi, anazimia, na asipowahiwa anakufa. Alisema pia kwamba akishakua hatari inapungua, na Karanga amevuka mwaka. Nilimsikia. Ila daktari siku ile hakuwepo.

Ile siku ya Juni mwaka jana, niliyokuambia kuwa ana homa. Ilikuwa siku ya msiba kule Uru. Tuliondoka alfajiri, kila mmoja akidhani mwenzake amemlisha, na zamu ilikuwa ya nani tusifukue. Baridi ilikuwa ile ya ukungu mpaka mchana. Tuliporudi saa 10 tulimkuta amelala ubavu nyuma ya mlango wa jikoni, juu ya kandambili zangu, baridi kama jiwe la mtoni. Nikamfunua mdomo, fizi nyeupe. Mama yako hakuuliza kitu. Alichukua asali ile ya dawa ya kifua, akachovya kidole, akampaka kwenye fizi kidogo kidogo. Si kummiminia, maana aliyezimia ukimmiminia unampalia. Mimi nilikuwa nimemweka ndani ya koti, tumboni. Dakika sikuzihesabu. Kwanza lilitikisika sikio moja. Tukamkimbiza kwa daktari hivyo hivyo, na nguo za msibani.

Nilikuambia homa kwa sababu kesho yake ulikuwa na usaili. Na kazi ukapata, kwa hiyo.

Basi nauliza tena, mchana atalishwa na nani? Kama kuna dada wa jirani anayeshinda nyumbani, mlipe aje akae naye chini saa 6 na saa 10. Usiniambie hela hakuna, vile viatu ulivyovaa kwenye picha nimeviona. Katika ukoo huu ni wewe wa kwanza kufuatwa na gari la kazini mlangoni, na pale kijiweni kwa kahawa hakuna ambaye sijamwambia. Lakini gari hilo hilo linakutoa saa 12.

Mengine unayajua. Mkanda ni ule wa kifuani aliomshonea fundi viatu. Wa shingoni hapana, koo lake ni laini, akivutwa anakohoa kama bata bukini. Utosi haujafunga, ukipapasa unausikia kama wa mtoto mchanga, kwa hiyo asizoee kuruka kutoka kwenye kochi. Goti la kushoto likichomoka anakwenda kwa miguu mitatu hatua chache kisha linarudi lenyewe. Likikataa kurudi, mpeleke hospitali ya mifugo. Mchuzi wenye vitunguu usimpe hata akulilie. Uwanjani asibaki peke yake, mwewe wa Njiro hajui kama huyo si kifaranga. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iko ndani ya Biblia ya mama yako, ya kurudia ni Septemba.

Kwenye Coaster konda akikuambia kapu liende kwenye buti, kataa. Mpakate. Ikibidi lipia siti mbili, nitakurudishia.

Huku mvua imeangusha mgomba juu ya banda la kuku, mabati mawili yamekunjika. Fundi anataka hela kwanza. Mdogo wako ada imebaki ya muhula mmoja, hilo tutaongea ukija, si la kwenye barua. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisani, ila ukimuuliza atasema ni mzima. Nimekukatia mkungu wa ndizi mshare, uje na gunia.

Kopo la asali nimelifunga kwa nailoni mara mbili, liko chini kabisa kwenye kapu lake. Si la chai.

Na ule mtungi wa gesi ulioazima mwezi wa pili, uje nao. Mama yako ndiye anayeuliza, si mimi.

Baba yako