Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: kujitolea kusiwe kwa wenye nauli tu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Busia, Uganda, mpakani na Kenya. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachouzia na kununulia hapa mpakani, na kwa kuwa Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, imekipa nafasi ya lugha rasmi ya pili.

Kikundi chetu kina vijana 12. Kila Jumamosi tunawafundisha watoto kusoma chini ya mwembe, na mvua zikikaribia tunashika majembe kuzibua mitaro ya sokoni. Hatulipwi, wala hatukuanza kwa kutafuta malipo. Mwaka jana tuliitwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya vijana wanaojitolea, mbali na kwetu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 20,000, na chakula juu yako. Mwenzetu mmoja, msichana anayepika chapati karibu na maegesho ya malori, ndiye mwalimu bora tuliye naye. Mtoto akikwama kwenye silabi, humshika kidole akakipitisha juu ya herufi polepole mpaka neno litoke. Siku ile alihesabu hela zake za unga mara mbili, akazifunga tena kwenye ncha ya leso. Hakwenda. Walikwenda wawili wenye wazazi wa kuwapa nauli, na vyeti wakapata wao.

Mheshimiwa, cheti kile kina uzito. Tangazo la kazi likitoka linadai uzoefu wa miaka miwili, na kijana aliyemaliza shule juzi ataupata wapi kama si kwa kujitolea? Basi anayemudu kufanya kazi bure ndiye anayepata uzoefu, na mwenye uzoefu ndiye anayepata kazi. Anayelala njaa anazuiwa mlangoni kabla hata hajaanza. Hili ndilo linaloniuma.

Sisemi serikali haijafanya kitu. Mpango wa kuinua maisha ya vijana, YLP (Youth Livelihood Programme), ulioanza mwaka wa fedha 2013/14, ulivipa mikopo vikundi vya vijana wa miaka 18 hadi 30. Mpango wa maendeleo ya parishi, PDM (Parish Development Model), uliozinduliwa Februari 2022, umetengea kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, shilingi milioni 100 kwa mwaka, na asilimia 30 ni fungu la vijana. Fedha hizo ni za kufuga, kulima na kuinua biashara, na wenzetu wamenufaika. Lakini anayefundisha watoto bure hana cha kuuza, atalipa mkopo kwa kitu gani? Hata wahudumu wa afya wa vijijini, hawa tunaowaita VHT, wamebeba afya ya majirani zao tangu 2001 kwa jina hilohilo la kujitolea.

Tunaomba fungu la kila mwaka katika bajeti ya wizara yako, hata likiwa dogo, la nauli na chakula cha vijana wanaojitolea. Lipitie kwenye parishi, na majina ya waliopewa yabandikwe ukutani kila mtu ayasome. Hilo la majina nalisisitiza, maana fedha zikigawanywa kimya kimya huwafikia jamaa wa wagawaji kwanza.

Na fomu, Mheshimiwa. Tulipoomba msaada katika ofisi moja tulipewa kurasa tano za Kiingereza kitupu, na mtu wa kutujazia akataka 15,000. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima. Basi fomu ya kijana wa Busia iandikwe kwa Kiswahili, na ya kijana wa Gulu kwa Kiacholi. Ibara ya 32 ya Katiba inaitaka serikali iwainue walioachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri au ulemavu, na kuinuliwa huko kunaanza na karatasi ambayo mtu anaweza kuisoma.

Ukija Busia, njoo Jumamosi, saa tatu asubuhi. Yule msichana utamkuta chini ya mwembe, unga haujamtoka mikononi. Tafadhali muulize mwenyewe nauli ya mafunzo yajayo ataitoa wapi.

Wako mtiifu,
Katibu wa kikundi cha vijana, Busia