Cheo cha Lord hakifuati wosia

Mhariri,

Habari za masetla wa Bonde la Ufa zinapoandikwa magazetini, shamba na cheo hutiwa kapu moja. Msomaji huachwa akidhani kwamba Lord Egerton, setla wa Njoro, angependa, angemwandikia mtu yeyote ulord wake katika wosia. Asingeweza. Shamba, kasri na fedha hufuata wosia. Cheo hufuata hati ya kifalme iliyokianzisha, na hati nyingi za namna hiyo husema kitashuka kwa wazao wa kiume, waliozaliwa ndani ya ndoa, wa yule wa kwanza kupewa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo huwapiga chenga waandishi wengi.

Tuutazame ukoo wenyewe wa Egerton. William Tatton Egerton alifanywa baroni, daraja la chini kabisa la ulord, mwaka 1859. Mwanawe Wilbraham alirithi, kisha mwaka 1897 akapewa hati mpya iliyomfanya erli, daraja mbili juu ya baroni. Alifariki 1909 bila mtoto wa kiume. Uerli ukafa siku hiyo hiyo, kwa kuwa wa kwanza katika hati ile alikuwa yeye mwenyewe, na ndugu ya mtu si mzao wake. Ubaroni ulisalimika: ndugu yake, Alan, alikuwa mwana wa William, akaushika. Mwaka 1920 ukamfikia Maurice, mwana wa Alan, ambaye ndiye huyu wa Njoro aliyeanzisha mwaka 1939 shule ya kilimo ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Egerton. Maurice hakuoa. Alipofariki 1958 hakukuwa na mwanamume mwingine wa uzao wa William, basi ubaroni nao ukakoma. Mali ilikwenda njia yake: Tatton Park, makao ya ukoo huko Cheshire, Uingereza, aliyaachia shirika la National Trust, linalohifadhi majumba ya kale.

Kisa cha Lord Erroll, setla mwingine wa Kenya, aliyepigwa risasi karibu na Karen Januari 1941, kinafundisha zaidi, ila waandishi wetu hawachoki kuuliza nani alimuua. Alikuwa na vyeo viwili. Uerli wa Erroll ni wa Uskoti, wa tangu karne ya 15, na mwanamke anaweza kuurithi; ukaenda kwa binti yake wa pekee, Diana, msichana wa miaka 15. Ubaroni wa Kilmarnock, wa mwaka 1831, ni wa wanaume tu. Huo ukaenda kwa Gilbert, ndugu wa marehemu. Kwa hiyo anayeandika kwamba "cheo cha Erroll kilirithiwa na ndugu yake" amekosea, na anayesema binti alirithi vyote amekosea pia.

Aliyezoea mirathi ya Kiislamu ataona jambo jingine geni. Mwana wa kwanza akifa kabla ya baba yake, mjukuu hazuiliwi na ami zake. Hushika nafasi ya marehemu na kuwatangulia wote. Mtoto wa kuasili hapati kitu. Na ile sheria ya 2013 iliyowasawazisha wasichana na wavulana katika kurithi kiti cha ufalme wa Uingereza haikugusa vyeo hivi.

Kukikataa cheo si kukiua. Tangu 1963 mrithi ana miezi 12 ya kukikana. Tony Benn, mwanasiasa wa Uingereza, aliukana uviscount (daraja kati ya baroni na erli) wa Stansgate mwaka huo huo, ukasimama bila mwenyewe mpaka alipofariki 2014, kisha mwanawe akauchukua.

Pia kufiwa na baba hakutoshi kumfanya mtu atambuliwe rasmi. Tangu 2004 kuna daftari la serikali la wenye vyeo. Mrithi hupeleka vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo vinavyounganisha kila kizazi na mwenye cheo aliyetangulia. Kinachokwamisha mara nyingi ni cheti cha ndoa ya babu au kifo cha ami aliyehamia ng'ambo, maana lazima ithibitishwe kwamba tawi la mbele yako halina mwanamume aliye hai. Asiyethibitisha hatambuliwi, na cheo huitwa kilicholala, ambacho ni tofauti na kilichokufa kama cha Egerton. Naomba wahariri wenu watenge cheo kilicholala na kilichokufa kabla ya kuchapa kwamba ukoo fulani "umepoteza" cheo.

Msomaji, Nakuru