Salma na jimnastiki

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako nimeipata, na ile sehemu ya Salma nimeisoma mara mbili. Kumbe anataka jimnastiki, na bibi yake anakwambia atadumaa!

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi kuhusu mwanangu Idi, yakaninyima usingizi. Baadaye ndipo nikajua kwamba wataalamu waliopitia tafiti nyingi mwaka 2013 hawakuona kuwa mazoezi hayo yanampunguzia mtu kimo akishakua. Tumeligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Simone Biles, yule bingwa wa jimnastiki wa Marekani, ana sentimita 142, nasi tukadhani mchezo ndio uliombana, wakati mtu mfupi hujipindua hewani kwa wepesi zaidi, hivyo hubaki na kushinda, na warefu huhamia kwingine. Kinachoweza kumdumaza mtoto ni njaa. Ukisikia kocha anawapunguzia watoto chakula ili wawe wepesi, Zuhura, mtoe Salma siku hiyo hiyo.

Na hofu yako kwamba Salma kwa miaka yake tisa amechelewa kuanza, achana nayo. Mwanajimnastiki Oksana Chusovitina alipata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2008 akiwa na miaka 33. Na Salma hatafuti medali, anataka kupiga gurudumu, kule kujipindua ubavuubavu kwa mikono.

Watu wanaogopa asianguke. Ataanguka, tena hicho ndicho cha kwanza anachopaswa kufundishwa. Wiki za mwanzo Idi hakufanya kingine. Kocha alimchuchumaza kwenye mkeka, kidevu kifuani, mikono amejikumbatia, kisha akamwachia aende nyuma akibiringika kama yai. Kila alipopeleka mkono nyuma ili ajikinge, alisimamishwa akaanza upya. Mimi nilikereka, naona anapotezewa muda. Kumbe mkono ulionyooshwa nyuma ndio unaobeba kishindo chote, na hapo ndipo kiwiko na kifundo cha mkono huvunjika. Hata samasoti ya chini, yaani kubiringika mbele kwenye mkeka, ina siri hiyo: viganja vinasukuma, na kinachotangulia kugusa mkeka ni nyuma ya mabega, si utosi.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Kabla ya kocha huyu tulikuwa na mwingine aliyeamini kwamba mtoto asipolia hanyooki. Nilimkuta amemkalia binti mdogo mgongoni ili ashuke kwenye msamba. Msamba huja polepole, kwa miezi, mwili ukiwa umeshapashwa moto, na mtoto mwenyewe ndiye anayeamua ashuke hadi wapi. Vivyo hivyo kifundo cha mkono kikimuuma siku baada ya siku, usikubali kuambiwa ni kawaida. Mifupa yake bado inakua, na karibu na viungo ina sehemu laini zinazoumia kwa kubebeshwa uzito mno. Apumzike, aonwe na daktari.

Ile trampolini unayotaka kumnunulia ajifunzie nyumbani, iache kwanza. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaonya juu yake, hasa watoto wanaporuka wawili watatu kwa pamoja.

Siku ya kwanza usimwache mlangoni ukaondoka. Kaa ndani, umwangalie kocha zaidi ya unavyomwangalia Salma, halafu uniandikie amewaanzisha na nini.

Wako akupendaye,
Rehema